Kabla Sijavua Viatu

Gari nimelielekeza pua barabarani.
Huo ndio usingizi wetu: unalala
ukiwa umeshageuza.
Nyuma, milango ya kontena langu imebanana
na milango ya kontena la Musembi,
mgongo kwa mgongo, hata kisu hakipiti,
na lakiri ya forodha naipapasa mara ya tatu
kama mtu anayekagua jino linalouma.

Hapa ni Embakasi, nyuma ya bandari kavu,
ambako foleni ya leo huingia kesho.
Vumbi la saruji. Ndege zinashuka chini chini,
taa zao zinapita juu ya dashibodi,
juu ya picha ya Dama na leseni yangu,
zinakwenda kulala mahali penye ukuta.

Kazi nilifundishwa na Simwa, nikiwa utingo wake.
Hakuwa mtu wa maneno mengi.
Alifunga mkebe wa maziwa kwenye kifuniko cha tangi la dizeli,
akatia ndani boliti tano,
akasema: huyu ndiye mbwa wetu.
Tulinyonywa lita mia mbili pale Salama
(ndiyo, mji wenyewe unaitwa Salama)
usiku ambao mkebe ulikuwa umejaa matope.
Tangu siku hiyo aliuosha kila jioni
kabla ya kuosha uso.

Biskuti ya mtu usiyemjua: ipokee, shukuru, usile.
Ukibanwa haja saa nane, kuna chupa.
Na mtu akikugongea kukwambia tairi limelala,
basi na wewe lala.

Juzi akagonga mtu.
Saa tisa kasoro, manyunyu yale
yasiyolowesha wala hayakomi.
Vidole, si ngumi.
"Dereva. Dereva, nisaidie maji."
Nikamsikia akihema karibu na kioo.
Mkebe haukulia. Nikashika spana,
nikahesabu jinsi Simwa alivyokuwa akihesabu:
anayeomba maji ana mwenzake nyuma ya tairi,
anayelia ana wawili,
anayenyamaza ndiye mwenye kundi.
Nikanyamaza.
Nilinyamaza vizuri sana.

Alfajiri, Mama Wanza wa chai ndiye aliyemkuta
ameketi kwenye ngazi ya lori lake mwenyewe,
la tatu kutoka langu, namba za Uganda,
blanketi begani, midomo imepasuka kwa homa.
Byaruhanga.
Hakufa. Msinikimbilie huko.
Walimpakia kwenye pikipiki, katikati ya watu wawili,
wakampeleka zahanati ya Pipeline,
na alipopita mlangoni pangu akaniinulia mkono
kama tunavyosalimiana tukipishana kwenye mwinuko,
hana habari kwamba nilikuwa macho.
Au anayo.

Sikutupa kanuni hata moja.
Nina watoto wawili shule ya bweni
na mzigo wa vitenge usio wangu.
Mlango huu saa tisa haufunguki;
ukinigongea leo, nitashika spana.

Ila nikishaegesha, nikishaosha mkebe,
kabla sijavua viatu, nashuka.
Kungali na mwanga kidogo upande wa Ngong.
Naenda lori kwa lori, nagonga mimi.
Naitwa Mwaringa, nasema, wa Mariakani,
lile la bluu lenye kioo cha pembeni kilichofungwa kwa waya.
Wengine hufungua upana wa sikio.
Mmoja jana alizima redio asinijibu.
Sawa. Nilisimama pale pale
mpaka nikamaliza kulitaja jina langu,
ili usiku, sauti yangu ikishikwa na kiu,
isije ikawa ya mtu tu.